Tandiko Lililonuka Supu

Mafiga, Morogoro
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Aikande,

Mmeondoka asubuhi wewe na mama yako kupanda Kinole kuwaaga watu wa kwao, na mimi nimebaki na nyumba, kuku, na lile tandiko la farasi. Nimeitoa meza nje, nimeiegemeza kwenye ukuta upande wenye kivuli, na nimekwisha kuchana karatasi kadhaa. Kesho alfajiri unapanda basi la Moshi. Kwa namna tulivyoishi wiki hii, wewe ukisema "shikamoo Baba" na mimi nikijibu "marahaba" na kuondoka, najua nikingoja tukae tuzungumze, nitakuuliza habari za mvua. Kwa hiyo naandika.

Sitaandika habari za kula wala za kuvaa sweta. Mama yako ameyasema hayo tangu barua ya kazi ilipofika, na atayarudia stendi. Wala sitakuandikia namna ya kusafisha matandiko, maana hiyo ndiyo kazi waliyokuitia huko Kilimanjaro Magharibi. Umesomea afya ya mifugo hapa mjini, ukaenda kufanya mafunzo kwenye shamba lao la farasi, wakaiona mikono yako, wakasema rudi. Nilitaka kuandika kwamba mimi ndiye niliyekufundisha. Hiyo ni moja ya karatasi nilizochana.

Niandike kwanza yaliyotokea Jumapili iliyopita, ili tusiwe kila mtu na Jumapili yake.

Ulilitoa tandiko chumbani kwangu, ukalipandisha juu ya kijiukuta cha baraza kama vile baraza letu ni mgongo wa farasi. Nilifurahi. Nilisimama mlangoni nikikutazama unafunua bawa la upande wa kushoto, lile pana linalofunika mikanda midogo ya kushikia mkanda wa tumboni. Ukainama. Ukanusa. Ukaanza kucheka.

"Baba, hili lina harufu ya supu."

Mama yako akajibu kutoka jikoni, "Supu ya makongoro! Hilo tandiko limelishwa kuliko nilivyolishwa mimi. Mwambie baba yako akuambie ni lini mara ya mwisho aliniletea supu."

Tulicheka sote watatu. Kisha wewe ukaacha kucheka. Uliushika mmoja wa mikanda ile midogo, ukaugusa kwenye mshono kwa ukucha, ukauachia polepole kama mtu anayeachia mkono wa mgonjwa.

"Hili siwezi kumfungia farasi, Baba."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Uzi umeoza. Na ngozi yenyewe siiamini."

"Babu yako alilitunza kabla hata sijaota ndevu. Mimi nimelipaka mafuta miaka yote hii, halijakosa."

"Ndiyo maana," ukasema.

Hukusema kwa jeuri. Ulisema kama mganga wa mifugo anavyomwambia mwenye ng'ombe. Ni mimi niliyetafuta neno la kukuumiza, na nililipata upesi kuliko ninavyopata miwani yangu. Nikasema, "Basi nenda na matandiko ya wageni. Kumbe kweli wewe ni wa ukoo wa mama yako tu."

Ukanitazama. Ukasema, "Baba, mimi siendi kule kukurudisha wewe. Naenda kazini." Ukalishusha tandiko, ukalirudisha chumbani kwangu, ukalifunika na shuka lake.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Sasa nikueleze kwa nini sentensi yako ilinikalia kooni wiki nzima.

Unajua kwamba nilizaliwa shambani, kwenye nyumba za wafanyakazi, chini ya kilima, ambako babu yako alikuwa saisi, yaani mtunza farasi. Sijakueleza vizuri namna tulivyoondoka, kwa sababu hakuna cha kueleza. Shamba lilipata wenyewe wapya. Wapya hawakutaka farasi. Farasi wakapakiwa kwenye lori, na baba yangu alikuwa ndani ya lori akiwatuliza mmoja mmoja mpaka bodi lilipofungwa, kisha akateremka. Baada ya hapo wakasema hata nyumba zetu zinatakiwa zibomolewe. Hatukupigwa wala kutukanwa. Tuliambiwa. Tukabeba. Kati ya matandiko yote, hilo moja la zamani lilikuwa limeachwa kwenye msumari kwa sababu hakuna aliyelitaka. Baba akalichukua, na mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alilibeba kichwani kama mtungi, vikuku vya tandiko, vile vyuma anavyokanyagia mpandaji, vikigongana kila hatua. Mpaka leo nikisikia chuma kikigonga chuma kidogokidogo, nageuka.

Baba alipofariki, nililichukua nikaja nalo Morogoro kutafuta kazi. Utingo wa basi aliniuliza, "Na farasi mwenyewe anafuata na basi gani?" Basi zima likacheka. Nikalipakata mpaka Mikese, ambapo jirani yangu wa kiti aliteremka na mimi nikaliweka tandiko kwenye kiti chake.

Hapa Mafiga halikupata farasi. Bondeni huku mbung'o walikuwa hawampi farasi nafasi, na hata wangempa, mimi ningemnunua na nini? Lakini nilijiwekea kwamba siku moja nitalirudisha. Nitakwenda mpaka pale zizi lilipokuwa, niliweke chini, niseme nimelitunza. Sikuwahi kwenda. Nauli ilikuwapo mara nyingi. Kulikuwa na sababu ya kutokwenda kila mwaka, na zote zilikuwa sababu nzuri. Kisha ukazaliwa wewe, ukawa mtoto wa kuwafuata punda barabarani ukiwashika midomo, na mimi nikaona kwamba sina haja ya kwenda. Nitakutuma.

Hilo ndilo kosa, Aikande. Lile neno baya la Jumapili nakuomba radhi, na nitakuomba tena kwa mdomo ukirudi leo. Lakini neno hilo ni tawi tu. Shina ni kwamba tangu ukiwa mdogo nilikuwa nakuandaa kama mtu anavyoandaa mzigo wa kutuma kwao.

Mambo ya ukoo unayajua. Kwa mama yako, kwa Waluguru, mtoto ni wa upande wa mama, shamba ni la upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mimi nilikuja mtu mzima, nikapokelewa vizuri, nikapewa mke na chakula na mahali pa kukaa kwenye sherehe, mahali pa mkwe. Siwalaumu. Walinipa hata haki ya kukuita jina la mama yangu, jambo ambalo halikuwa lazima. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuambiwa mara moja abebe vitu vyake aondoke, kuwa mgeni kwenye ukoo wa mtoto wake mwenyewe ni kitu kinachouma mahali palepale. Tandiko lilikuwa kitu pekee cha upande wangu ndani ya nyumba hii. Nililing'ang'ania. Na nililing'ang'ania kwa mafuta.

Sasa nifike kwenye mafuta.

Babu yako alikuwa akitengeneza mafuta ya ngozi kwa kwato za ng'ombe. Alizichemsha kwa maji matupu, siku nzima, moto mdogo, halafu akaacha sufuria ipoe na kuyaengua mafuta yaliyoelea juu. Alikuwa akiyachuja kwa kitambaa mpaka yanakuwa kama asali nyepesi. Alipaka kidogo sana, upande wa ndani, upande wa nyama, baada ya kufuta jasho la farasi kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni, na ngozi ikiwa imekaa kivulini. Kidogo sana. Nilimwona akipaka tandiko zima kwa mafuta ambayo mama yako asingeweza kukaangia yai.

Nilipofika hapa nikafanya hivyo hivyo mara moja, mbili. Halafu nikachoka kunukisha moshi. Na pale karibu na soko alikuwapo Salum muuza supu, Mungu amrehemu, na sufuria yake ya makongoro yenye mafuta yanayoelea juu kila asubuhi. Nikamwendea na kopo.

"Mzee wangu, unataka mafuta bila supu?"

"Mafuta tu."

"Ya kula?"

"Ya tandiko."

Akaweka upawa chini. "Hili la farasi wanalolisema? Sasa mzee, ukimpaka huyo farasi mafuta yangu, si atakimbilia jikoni mwenyewe!"

Nikamuuliza kama supu ina chumvi. Akaapa. "Chumvi naiweka mwisho kabisa, mzee wangu. Wewe unachukua kabla." Nami nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa karibu na nyumbani. Ilikuwa hivyo miaka mingi. Vijana wa bodaboda wakaniita Mzee Farasi. "Mzee Farasi, leo umepaki wapi?" Nawajibu, "Nimemfunga msikitini, na jana alikuwa kanisani." Paka wa mtaa mzima walijua siku ninayopaka. Siku moja nilimkuta mmoja amelala juu ya tandiko analilamba kama ndama, na mama yako amekaa pembeni anamtazama, anasema, "Muache. Angalau kuna mtu anayelifaidi."

Salum alikuwa akiweka chumvi mwanzo. Kila muuza supu huweka mwanzo. Nyama inataka chumvi ikiwa motoni. Ningejua kama ningeonja. Sikuonja, miaka yote hiyo sikutia hata kidole mdomoni.

Hapa ndipo nataka unicheke, kwa sababu mimi mwenyewe nimecheka leo, peke yangu, mpaka kuku wakasogea. Unajua kazi niliyoipata Morogoro. Nilikuwa kiwanda cha ngozi kabla hakijafungwa, kabla sijaenda kufundisha stadi za kazi shuleni. Na kazi yangu ya kwanza kiwandani ilikuwa nini? Kuosha chumvi. Ngozi mbichi zinakuja zimepakwa chumvi zisioze, na kabla hujafanya lolote lazima uioshe chumvi yote itoke, maana ikibaki inavuta unyevu, na unyevu unakula ngozi na uzi na kila chuma. Mchana nilisimama kwenye maji mpaka magotini nikiosha chumvi kwenye ngozi za kiwanda. Jioni nilirudi nyumbani nikaipaka kwenye tandiko la baba yangu.

Kila masika ukungu wa kijani ulipoota, nilisema hili tandiko lina njaa, nikaongeza mafuta. Bizimu, vile vyuma vya kufungia mikanda, zilipopata kutu, nikaongeza mafuta. Ngozi ilipoanza kuwa laini kama sikio la mbuzi, nilijisifu kwamba sasa imelainika vizuri. Nimesoma vitabu vingi katika maisha haya, unanijua, vya historia na vya dini zote mbili na hata kile cha magonjwa ya farasi chenye kurasa zilizoliwa na mchwa. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kitu ambacho kidole changu kingeniambia kama ningekilamba.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo halikuhitaji kitabu wala kulamba, nalo ndilo linalonifanya niandike barua hii badala ya kukupa mkono tu.

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukausha hatamu iliyolowa kwa kuitundika karibu na jiko. Asubuhi ilikuwa imekakamaa kama gamba kavu la mgomba. Nikaisugua mafuta mpaka ikang'aa, nikampelekea baba. Hakuipokea. Alisema, "Usinionyeshe inavyong'aa. Ikunje." Nikaikunja mbele yake, upande wa nje ukiwa juu, na pale ilipojikunja ikafunguka mistari myembamba kama nyayo za mtu anayetembea bila viatu kiangazi. Hakunipiga. Alikuwa na tabia hiyo kwa kila mkanda kabla hajauweka juu ya mnyama: anaufungua kwenye bizimu, kwa sababu ngozi huharibika palepale inapojificha, anaukunja, halafu anaukanyaga ncha moja na kuuvuta kwa nguvu zake zote, kama ana ugomvi nao. Kilichokatika, kimekatika chini, hakijamwangusha mtu.

Nimeyakumbuka maneno hayo maisha yangu yote. Nimeyasimulia kwa wanafunzi wangu. Nilikufundisha wewe ukiwa na mkoba wako wa shule, na leo ndiyo unayoyatumia. Lakini sikuwahi kuikunja mikanda ya tandiko lile. Hata siku moja. Nililifuta, nikalipaka, nikalifunika. Nadhani nilijua. Mtu hajizuii kugusa kitu miaka mingi kama hajui.

Sasa unakumbuka siku Mjomba Kobelo aliposhuka kutoka Kinole baada ya kusikia habari za kazi yako. Alikaa pale kwenye kiti cha kamba, hakunywa chai mpaka amalize.

"Shemeji," akaniambia, "farasi ni mnyama wa polisi na wazungu. Mtoto wetu akivunjika shingo huko, nani atajibu?"

"Nitajibu mimi."

"Wewe utamjibu nani? Sisi ndio tutaulizwa. Mtoto ni wa ukoo wetu."

Mama yako akaingilia. "Kaka, huyu mtoto alipokuwa anapanda miti ya mashelisheli huko kwako, mbona hukuitisha kikao?"

"Mti haukimbii!" akasema Kobelo, na hata wewe ukacheka. Kisha akanigeukia kwa upole, na upole wake ndio ulionifunga. Akasema, "Basi, shemeji. Wewe ndiye mwenye kujua vyombo vya farasi. Sisi hatujui. Tunamruhusu kwa neno lako. Hakikisha chombo anachokalia ni kizima."

Nikasema ni kizima. Nikasema nimekitunza kwa mikono yangu. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo ule kuniomba neno langu juu yako, nami nikalitoa likiwa limenona vizuri kwa mafuta ya Salum.

Leo mlipoondoka nililitoa. Nilikusudia kulisafisha kwa mara ya mwisho ili uone aibu na kulichukua. Ndiyo, hilo ndilo lilikuwa kusudio langu asubuhi ya leo. Sitaki unifikirie bora kuliko nilivyokuwa. Nikafungua bizimu moja, ile ya mkanda wa kushoto. Ilitoka na unga wa kutu. Nikafuta. Nikashika kopo la mafuta. Na sijui ni nini, labda ni vile ulivyouachia ule mkanda Jumapili, polepole. Nikaweka kopo chini, nikaukunja.

Ulifunguka wote. Si mistari, ulifunguka kama mkate. Nikakanyaga ncha, nikavuta, na wala sikuvuta kwa ugomvi, mimi mzee mwenye bega bovu. Ukabaki mkononi. Wa pili ukatoka na mshono wake. Wa tatu sikuuvuta.

Niliketi kwenye ngazi ya baraza nikiwa na vipande viwili vya ngozi mkononi, na nikakuona mwanangu juu ya farasi, kwenye uwanda ule ninaoujua, farasi anageuka ghafla kwa sababu ya ndege, na mkanda niliouapia unaachia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Umekataa chombo ambacho kingekuua, ukakikataa mbele ya baba yako akiwa amekasirika, na hukurudi nyuma. Mjomba Kobelo hakuhitaji neno langu. Alihitaji lako.

Basi nikaenda kuchukua kisu.

Usishtuke ukifika ukakuta shuka halina kitu. Nimelifumua tandiko lote. Ndani, panya walikuwa wamejenga na kuhama. Mti wa kiunzi umekuwa unga upande mmoja. Mishono yote niliyowahi kuirudia mimi ilikuwa imeoza. Ya babu yako, ile ya juu ambako mafuta hayakufika sana, ilinitoa jasho kuikata. Ngozi ya mabawa ilikuwa nzima katikati tu, kipande kama sinia kila upande. Hivyo nimevikata, nimeviosha kwa sabuni na maji safi mara nyingi mpaka nikalamba, ndiyo, nimelamba, na havina chumvi. Vilikaa kivulini kuanzia saa nne mpaka vikakauka. Nimevishona kuwa mfuko wa kukunja wa vifaa vyako: kuna mahali pa msharasi wa kutobolea ngozi, pa sindano nene, pa kisu, pa nta, na pa ule mswaki wako wa kusugulia bizimu. Ngozi hiyo haiwezi tena kumbeba mtu, ila sindano itaziweza.

Vikuku ni vizima. Chuma kile ni kizuri, kimetoka cheupe baada ya majivu na limau. Lakini mikanda yake ya kuning'inizia nimeitupa, nimekata mipya kutoka kwenye ile ngozi nene niliyokuwa nikiiweka kwa ajili ya mkoba wangu. Kipimo chake ni mkono wa mpandaji, kutoka kwapani hadi ncha za vidole. Nimepima kwa mkono wa koti lako lililokuwa mlangoni, nikaongeza matundu juu na chini kwa sababu sijui vizuri siku hizi unakaa namna gani. Ulipokuwa mdogo nilijua. Nimeshona kila mshono kwa nyuzi mbili zinazopishana, uzi mpya uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ya Kinole, zawadi ya mjomba wako, ili naye awemo.

Nimeikunja. Nimeikanyaga, nimeivuta kwa nguvu zote nilizobaki nazo, halafu nimemwita yule kijana mnene wa bodaboda wa pale kona akaivuta na yeye. Akasema, "Mzee Farasi, hii hata pikipiki inavutwa." Lakini usimwamini, wala usiniamini. Ukifika, wape wakubwa wako wa kazi waikunje na kuivuta mbele yako. Wakiikataa, itupe, na usiniandikie barua ya kunifariji.

Nakufutia pia agizo lililobaki. Nilikuambia uulizie mahali zizi lilipokuwa, ukaliweke tandiko pale. Usiulizie. Ukipita ukapaona, umepaona. Kama pameota ngano, ni ngano. Mimi ni mtu wa Mafiga mwenye mke wa Kinole. Imenichukua muda mrefu kulisema hilo bila kuona kwamba nimewaacha watu njiani. Kama siku moja nitataka kuona kilima, nitakata tiketi na kuja kwa miguu yangu, na wewe utanipokea stendi kama mgeni wako.

Na kesho, basi lako likishaondoka, nitapanda Kinole. Nitakaa mahali pangu pa mkwe, nitamwambia Mjomba Kobelo mbele ya watu kwamba chombo nilichokiapia kilikuwa kibovu, na kwamba wewe ndiye uliyekiona. Atasema mengi. Naomba aseme. Nitamwonyesha vile vipande viwili vya mkanda, nimeviweka kwenye mfuko wa shati.

Nasikia sauti za watu upande wa barabara, na mmoja anacheka kama mama yako, nadhani amebeba mkungu wa ndizi na anamlalamikia aliyempandisha kwenye gari. Basi nitafunga hapa, niipachike barua hii ndani ya mfuko wa vifaa, uipate kesho ukiwa umekwisha kupita Mikese na huwezi kurudi kubishana.

Jambo moja la mwisho, na hili si agizo, ni habari za ngozi tu. Mikanda ya vikuku ni mipya, ni migumu. Siku za mwanzo itakubana na kukuchubua juu ya kifundo, na utatamani kuipaka mafuta ili ilainike upesi. Mimi leo nilitaka kukupakia, nikalirudisha kopo mahali pake.

Iache ilainike kwa miguu yako.

Baba yako